Maneno Matano

Umeme ulikatika saa kumi na moja, kama desturi ya Bukavu.
Friji ikakoroma mara ya mwisho, ikanyamaza,
ndipo nikasikia: ti, ti, ti,
kutoka upande wa pili wa meza ya kioo.
Nikadhani ni saa ya mkononi,
ya bei nafuu, ya soko la Kadutu.

Mama Nsimire hakuvaa saa.
Aliinama hadi ncha ya kitenge chake ikagusa kioo,
akaninong'oneza: "Dawa ya kuwashwa, mwanangu. Kule chini.
Usiseme kwa nguvu, batu beko banasikia."
Nyuma yake wanaume watatu:
mmoja wa malaria, mmoja wa betri za tochi,
mmoja asiyetaka kitu ila kuikwepa mvua.

Nami nililelewa kwa adabu.
Nililelewa nisimkazie macho mwanamke mwenye haya.
Flukonazoli, vidonge saba, kimoja kila usiku,
bahasha ya kaki, mwandiko wangu mzuri,
chenji ya noti zilizolegea kama matambara.
Upesi. Aende zake salama.
Sikuuliza:
Mama, kuna dawa nyingine unayokunywa?

Maneno matano. Hayamalizi hata pumzi moja.

Angenijibu: wafarini, mwanangu, kila jioni,
huu mwaka wa sita, tangu Nairobi,
walipokipasua kifua changu
wakaniwekea moyoni kilango cha chuma.
Damu iwe nyepesi, walisema,
isije ikaganda kwenye bawaba.

Ini ni kama bomba letu, pale chini ya ngazi:
bomba moja, foleni ya bidoni hadi kwa fundi viatu.
Wafarini huja na kibidoni chake,
hujaza, huondoka.
Flukonazoli alikuja na pipa.
Hakumtukana mtu, hakumsukuma mtu,
alilikalia tu bomba siku saba.
Na wafarini wa leo, na wa jana, na wa juzi
wakarundikana barabarani wasijue pa kupita,
na barabara yenyewe ilikuwa damu ya Mama Nsimire.

Siku ya nne mswaki ulitoka mwekundu;
akaulaumu mswaki.
Siku ya tano, doa kwenye paja, ukubwa wa marakuja;
akailaumu ngazi.
Usiku wa saba ilikuwa pua,
leso moja, leso ya pili, kisha beseni.
Akonkwa, mwanawe, alimpakata kwenye pikipiki
wakateremka na matope hadi hospitali,
dereva akiomba Mungu kwa Kishi.

Ni Akonkwa aliyeniletea bahasha.
Aliilaza juu ya kioo, akainyoosha kwa kiganja.
"Mwandiko huu ni wako?"
Ni wangu.
"Kipimo cha damu kilisoma tisa. Kilitakiwa kisome tatu."
Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.
Tofauti ya sita:
nimewahi kukosea chenji zaidi ya hapo
na mteja akacheka.

Walimchoma vitamini,
wakamtundikia damu ya watu asiowajua.
Wiki ya tano alirudi, kitenge kilekile
kikimzunguka mara mbili.
Wateja walikuwepo. Nikainama mimi safari hii,
nikamnong'oneza maneno yangu matano.

"Wafarini!" akajibu, kama anayeita muuza mkaa ng'ambo ya bonde.
"Wafarini kila jioni! Na kule chini
bado kunawasha, andika na hilo!"

Mtu wa betri akakohoa, akageukia dari.
Nikaandika. Nikatoa nistatini,
ile ya kuweka palepale, isiyopanga foleni bombani,
na mkono wangu ukatetemeka juu ya bahasha,
mwandiko ukawa mbaya, ukasomeka.

Kisha umeme ukakatika.
Friji ikanyamaza, mvua ikanyamaza,
ti, ti, ti,
na mtu wa betri, gizani,
akapandisha mkono wa koti lake
kuitazama saa.